Siri ya Kiatu Aijuaye ni Mguu

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nami, kwa idhini yao, ninaongeza kwamba siri ya kiatu aijuaye ni mguu. Msomaji, usinicheke nikikwambia kwamba leo nimeketi kuandika juu ya viatu. Kuna viatu vya kuendea arusini, na kuna viatu ambavyo riziki ya nyumba nzima huning'inia kwenye kamba zake. Hivyo vya pili ndivyo nitakavyovizungumzia.

Binti wa dada yangu ana umri wa miaka 19. Alimaliza Kidato cha Nne akapata alama za wastani, na tangu siku hiyo kazi yake ni kukimbia. Anakaa karibu na Iten, mji ulio juu ya ukingo wa Bonde la Kerio, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Tafadhali usiseme kwamba kukimbia si kazi. Katika sehemu zile Jeshi, Polisi na Magereza huandika wanariadha, na vyuo vya Marekani vimewasomesha bure vijana wengi wenye miguu myepesi. Basi msichana akiamka saa kumi na moja alfajiri na kuingia kwenye baridi ile, haendi kucheza. Anakwenda kumtafutia mama yake chakula.

Jioni moja alinipigia simu. Baada ya kuulizana hali, na baada ya mimi kuuliza juu ya ng'ombe na mvua, alinyamaza kidogo. Mtoto akinyamaza hivyo, mjomba hujua kwamba shida inakuja.

"Mjomba," akasema, "mama ameuza yule kondoo dume. Nina shilingi elfu tisa. Nataka viatu vya kasi, kwa sababu mchujo umebaki wiki sita. Lakini vile nilivyoviona Eldoret, vile vyenye bamba ndani, ni elfu kumi na mbili. Tafadhali niongezee elfu tatu."

Fedha hizo sikuzikosa. Hata hivyo, nilimwambia asinunue chochote mpaka Jumamosi, nami nitafika Eldoret tuvitazame pamoja. Alikubali kwa shingo upande. Hakujua kwamba wakati ule mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe mpaka nyuma ya mguu wangu wa kushoto, ukapapasa mahali palipovimba tangu zamani.

KISIGINO CHANGU

Mwaka wa 1985 nilikuwa mwanafunzi mwenye umri wa miaka 17, na nilikuwa na mbio. Sisemi haya kwa kujisifu, maana mbio hizo hazikunifikisha popote. Shuleni tulikimbia miguu mitupu, au tukavaa raba za turubai zilizotengenezwa na Bata kule Limuru. Siku moja jirani yetu aliyerudi kutoka ng'ambo akanipa viatu vyembamba vya mashindano, vyepesi kama ganda la yai. Nilivipenda mno. Nilivivaa asubuhi na jioni, mlimani na bondeni, siku za kukimbia polepole na siku za kukimbia kwa kasi. Ningeweza kulala navyo ningelala navyo.

Soli yake ilikuwa bapa na nyembamba, nayo miguu yangu haikuzoeshwa kasi nyingi namna ile juu ya barabara ngumu. Wiki ya tatu nyuma ya kisigino pakaanza kuuma kila nikiamka. Nikaona ni uchovu tu. Wiki ya tano nikawa ninashuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Kano ya kisigino, ule mshipa mnene unaounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino, ilikuwa imeumia. Mashindano ya mkoa yalipofika nilikuwa mtazamaji. Mwaka uliofuata nilijaribu tena, ikauma tena. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi.

Sikuwahi kuilaumu zawadi ile wala aliyenipa. Kosa lilikuwa langu: nilitaka kiatu kimoja kifanye kazi za viatu vitatu.

TULIKOTOKA

Hapa kwetu watu walikimbia kabla ya viatu. Vijana wa Bonde la Ufa walikwenda shule na kurudi miguu mitupu, na bado wako wanaofanya hivyo. Mwaka wa 2010 Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusu pia vijana wa huku. Waliona kwamba waliozoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kwa hiyo hawapati ule mshindo wa ghafula unaompata mtu anayetua kwa kisigino. Lililokuwa jambo la kawaida kwa bibi zetu likawa habari kubwa kwa wataalamu.

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma mwaka wa 1960 akiwa miguu mitupu, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye mjini Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa na viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Wako wanaolitumia jambo la kwanza kusema kwamba viatu ni upuuzi, na wako wanaolitumia la pili kusema kwamba viatu ndivyo mbio. Mimi ninaona kwamba Bikila alikuwa Bikila katika miji yote miwili.

Lakini ukweli usemwe. Tangu mwaka wa 2017 mambo yamebadilika. Mwaka ule kampuni ya Nike iliuza kiatu kilichoitwa Vaporfly 4%, chenye soli nene ya sponji nyepesi inayorudisha nguvu na bamba la kaboni ndani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwapima wakimbiaji 18, wakaona kwamba kiatu hicho kilipunguza nguvu zinazotumiwa na mwili kwa wastani wa asilimia 4 kikilinganishwa na viatu vingine vya mashindano vya wakati ule. Utafiti huo uligharimiwa na kampuni yenyewe, lakini saa za barabarani nazo zilitoa ushahidi. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa hazikuwa mbio za kuhesabiwa rekodi. Kesho yake tu Brigid Kosgei akavunja rekodi ya wanawake mjini Chicago kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4. Na tarehe 8 Oktoba 2023, katika mji huo huo, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia kwa saa 2 na sekunde 35. Wote hao walivaa viatu vya jamii hiyo. Kampuni nyingine nazo zikafuata.

Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa mjinga. Aliona kwa macho yake kwamba wenye bamba wanapita. Swali lililobaki ni hili: je, kiatu cha kushindia kule Vienna ndicho cha kujifunzia katika vumbi la Iten?

KASI INA AINA ZAKE

Kabla ya Jumamosi nilimtembelea kocha mmoja ninayemfahamu kwa miaka mingi, mtu wa maneno machache. Nilimkuta akiwasubiri vijana wake na saa mkononi.

Alinieleza kwamba mazoezi ya kasi si kitu kimoja. Kuna tempo, yaani kukimbia kwa kasi ambayo mkimbiaji anaweza kuishikilia kwa muda wa kama saa nzima siku ya mashindano, lakini mazoezini huishikilia dakika 20 mpaka 40 hivi. Katika mwendo huo mtu anaweza kusema maneno matatu, hawezi kusimulia hadithi. Kuna fatileki, neno lililotoka Sweden, ambapo vijana hukaza dakika moja au mbili au tatu, kisha wakalegeza, wakakaza tena. Na kuna kazi ya kiwanjani: mizunguko ya mita 400, au mita 800, au 1,000, kwa kasi kubwa na mapumziko mafupi katikati.

"Kila moja inauuliza mguu swali lake," alisema. "Tempo inauliza kama utavumilia. Kiwanjani unaulizwa kama utaruka. Sasa wewe ukimjibu kila mtu kwa neno moja, si watakuona huna akili?"

Nikamwuliza juu ya viatu vya bamba. Alikuna kidevu.

"Ni vizuri," akasema. "Mwenye mbio za barabarani lazima avizoee kidogo kabla ya siku yenyewe. Lakini huyu mtoto wako anakimbia nini?"

"Mita 5,000, kiwanjani."

Akacheka. "Basi kwanza kasome kanuni."

Nilikwenda nikazisoma, na nikashukuru. Shirikisho la Riadha Duniani linaruhusu soli ya unene usiozidi milimita 40 katika mbio za barabarani, na bamba lisiwe zaidi ya moja. Lakini tangu Novemba 2024, katika mbio zote za kiwanjani soli haipaswi kuzidi milimita 20. Kile kiatu cha elfu kumi na mbili, kilichotaka kummaliza kondoo dume na kuniingia mimi mfukoni, kisingeruhusiwa mbele ya mwamuzi anayefuata kanuni hizo. Angekivaa mazoezini tu, kisha siku ya mchujo akivue.

SOKONI

Jumamosi nilimkuta mpwa wangu stendi ya Eldoret amesimama, amekonda kama mshale. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha mitumba. Viatu vilining'inia huko kama ndizi: vyekundu, vya kijani, vya rangi ya waridi, vingine vikiwa bado na tope la nchi za watu. Muuzaji, kijana mcheshi, alikishusha kile kiatu kwa mikono miwili kama mtu anayepakata mtoto.

"Hiki, mzee, ni cha mabingwa," aliniambia. "Ukivaa unapaa."

Nilimwomba mpwa wangu akivae. Mguu wake ni namba 38. Kiatu kilikuwa namba 40.

"Weka soksi mbili, dada," muuzaji akasema bila kupepesa macho.

Nikakishika mwenyewe. Nilitazama pembeni ya soli: sponji ilikuwa na mikunjo mingi myembamba, kama paji la uso la mzee. Nikatazama chini: mpira wa kisigino ulilika upande wa nje tu, maana yake mwenyewe wa kwanza alikuwa na namna yake ya kukanyaga, na kiatu kilikwisha kuifuata. Kisha nikakikunja. Kiatu cha kulia kilikataa kama ubao, kama kinavyotakiwa. Cha kushoto kilikunjika kama chapati. Bamba la ndani lilikuwa limevunjika.

Nilimwonyesha mpwa wangu bila kusema neno. Alivikunja mwenyewe, kimoja baada ya kingine, mara mbili. Kisha akavirudisha.

"Nilivikunja siku ile pia, Mjomba," alisema tulipokwisha kutoka. "Lakini kimoja tu."

Sikumkaripia. Mimi ni nani hata nimkaripie?

Hata hivyo, hakukubali upesi. Tulipokuwa tukinywa chai aliniambia maneno ambayo yalinichoma. "Mjomba, wewe unazungumza juu ya kisigino chako cha zamani. Mimi nazungumza juu ya wale wasichana wanaoniacha mita 50 kila Alhamisi. Wao wanavyo. Mimi nitawafikia vipi?"

Nilinyamaza, kwa sababu hakukosea. Umaskini wa mkimbiaji ni kwamba anayeshinda hupewa viatu, na anayehitaji viatu ili ashinde hapewi. Nilimwambia ukweli wangu wote: kwamba kiatu kile kingekuwa kizima na cha namba yake, huenda kweli kingempunguzia mita chache za zile 50. Lakini jozi moja atakayokimbilia kila siku ya kasi, juu ya changarawe na mawe, haifai iwe ile. Soli ndefu na laini huyumba mguu ukikanyaga jiwe, na kifundo hupinda. Aidha, bamba gumu huhamisha kazi kutoka misuli fulani na kuitwika mifupa na misuli mingine isiyozoea. Mwaka wa 2023 madaktari wa Marekani walieleza visa vitano vya wakimbiaji waliopata ufa katika mfupa wa katikati ya mguu, na wote walikuwa wametumia viatu vya bamba. Visa vitano haviwezi kukata shauri, lakini mtu mwenye miguu miwili tu na kondoo mmoja aliyekwisha kuuzwa hana budi kuvisikiliza.

KIBANDA CHA FUNDI

Karibu na stendi yuko mzee mmoja fundi wa viatu. Miguu ya wanariadha wa sehemu zile imepita mbele yake kwa miaka zaidi ya thelathini. Nilimpeleka mpwa wangu huko, kwa maana mtu anayeshona kiatu hujua kilipofia.

Mzee alitukaribisha, akatoa chini ya benchi kiatu cha mbio alichokikata kwa msumeno kutoka kidoleni mpaka kisiginoni. Ndani kilikuwa kama keki iliyokatwa: juu kitambaa, katikati sponji, chini mpira.

"Binti yangu," alisema, "watu wananunua rangi. Kiatu ni hiki hapa katikati. Sponji ni kama godoro. Likiwa jipya hukubeba na kukuinua. Likilaliwa sana huwa mkeka, na mkeka hauna rangi ya kukuambia kwamba umekwisha."

Akatufundisha kupima. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikizama na kurudi upesi, iko hai, ikiwa ngumu kama sabuni ya kufulia, au ikizama isirudi, iache. Kunja kiatu kisicho na bamba: kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo. Bana kisigino: kisimame, lakini kisikuchome. Kiweke juu ya meza, ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande, kimekwisha kupinda. Ingiza mkono ndani utafute mshono unaokwaruza, maana mshono unaokwaruza kidole cha mkono leo utachuna kidole cha mguu kesho.

"Na mje kununua jioni," aliongeza. "Asubuhi mguu umelala. Jioni umevimba kidogo, kama unavyovimba mkikimbia. Vaeni na soksi zile zile za mazoezi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Msichana asiniambie kwamba kitajipanua. Hakijipanui. Mguu ndio unaojibana."

Nikamwuliza juu ya uzito, akatuelekeza kwenye duka la jirani lenye mizani. Mwenye duka alitucheka tulipoweka kiatu mahali pa sukari, lakini alitupimia. Kiatu cha kila siku cha mpwa wangu, kile kizito cha kukimbilia polepole, kilikuwa gramu 310. Hapa nikakumbuka hesabu ya wataalamu: kila ukiongeza gramu 100 kwenye kila kiatu, mwili hutumia nguvu zaidi kwa kiasi cha asilimia 1. Ni kidogo kwa anayekwenda sokoni, lakini kwa anayekimbia mita 5,000 si kidogo. Ndiyo maana kiatu cha tempo hutakiwa kiwe chepesi kuliko cha kila siku, gramu 200 mpaka 250 hivi, lakini kisiwe chembamba mpaka mifupa ianze kuhesabu mawe.

Liko na jambo la kimo. Katika viatu vingi kisigino huinuliwa juu kuliko vidole, pengine milimita 4, pengine 8, pengine 10 au 12. Kikiwa chini sana, shavu la mguu na kano ya kisigino hufanya kazi zaidi. Aliyezoea milimita 10 asirukie milimita sifuri kwa siku moja halafu akimbie kwa kasi. Nilipolisikia hili mkono wangu ulikwenda tena kisiginoni, na mzee akaona.

"Kumbe wewe pia ulikuwa mkimbiaji," akasema.

"Nilikuwa karibu," nikamjibu.

TULICHOKICHAGUA

Mchagua nazi hupata koroma, na mimi nilianza kuogopa kwamba tutazunguka mpaka jua lichwe turudi na koroma. Vibanda sita tulivipitia. Katika cha saba, saa kumi na moja jioni, tulipata jozi moja isiyo na mbwembwe: ya bluu iliyopauka, namba 38 na nusu, bila bamba, mpira wa chini wenye meno mafupi yanayofaa kushika changarawe, sponji hai, kisigino kimesimama. Kwenye mizani ya sukari ilisema gramu 225. Tofauti ya kisigino na vidole, kwa kukisia, ilikuwa sawa na ile ya viatu vyake vya kila siku.

Mpwa wangu alivaa, akakimbia kutoka kibandani mpaka kwenye kituo cha bodaboda na kurudi, akipishana na mikokoteni. Akarudia. Nikamwuliza, "Vinasemaje?"

"Havisemi kitu, Mjomba."

Hilo ndilo jibu nililolingojea. Mwaka wa 2015 Profesa Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, aliandika pamoja na wenzake kwamba katika kuchagua kiatu cha mbio huenda starehe ya mguu ndiyo mizani bora kuliko hesabu nyingi zilizotangulia. Kiatu kinachofaa hunyamaza. Kinachopiga kelele dukani kitapiga mayowe kwenye kilomita ya sita.

Tulilipa shilingi elfu nne mia tano. Katika fedha zilizobaki tulinunua soksi jozi mbili, na nyingine alizirudisha kwa mama yake. Zile elfu tatu zangu niliziweka kando kwa shughuli nyingine ambayo nitaieleza.

Nilimpa masharti matatu. Kwanza, viatu hivi ni vya siku za kasi tu, yaani siku mbili au tatu kwa wiki. Siku za polepole avae vile vizito. Kubadilisha viatu hivyo si anasa. Watafiti wa Luxembourg waliwafuata wakimbiaji 264 kwa wiki 22, wakaona kwamba waliotumia jozi zaidi ya moja kwa zamu waliumia kwa nadra kuliko waliong'ang'ania jozi moja. Pili, wiki ya kwanza avivae kwa sehemu tu ya mazoezi, ili miguu ijuane navyo. Tatu, vikilowa asivianike kwenye jiko, maana moto huua sponji. Avijaze magazeti na kuviacha kivulini. Hapo alinitazama akacheka. "Magazeti yako, Mjomba?" Nikamwambia, yangu hasa.

ALHAMISI NA SIKU YA MCHUJO

Alhamisi moja nilipanda mpaka Iten kutazama fatileki. Saa tatu asubuhi walikuwa wamekusanyika mamia, wake kwa waume, wageni na wenyeji. Mimi sikutazama nyuso, nilitazama miguu. Palikuwa na viatu vya bei ya ng'ombe, na palikuwa na viatu vilivyofungwa kwa uzi wa katani. Nilimwona kijana mmoja ambaye kiatu chake cha kushoto na cha kulia havikuzaliwa na mama mmoja. Neno likatolewa, wakaondoka kama maji yaliyovunja ukingo, na vumbi jekundu likafunika tofauti zote. Waliporudi mpwa wangu alikuwa bado nyuma ya wale wasichana. Nilikisia mita 30. Sikumwuliza kitu.

Zile elfu tatu zilifanya kazi siku ya mchujo. Nilimlipia nauli, malazi na chakula, kwa sababu kiatu bila chakula ni mzigo. Viatu vya misumari aliazimwa na mwenzake wa kambi ambaye mbio zake zilikuwa zimekwisha asubuhi. Alikuwa amevijaribu wiki mbili kabla, mara tatu, na vilimtosha. Desturi hii ya kuazimana viatu ni nzuri, nami ninaisifu: niliona jozi moja ikikimbia mbio tatu katika siku moja, kwa miguu ya wasichana watatu, na kila mmoja aliirudisha imefutwa tope.

Msomaji, ningependa kukuambia kwamba alishinda. Alimaliza wa saba. Waliochukuliwa walikuwa sita.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza kama ningempa zile elfu tatu siku ya kwanza, tukatafuta jozi nzima ya bamba, angefanya mazoezi kwa kasi zaidi, akampita yule wa sita. Swali hilo sijalipatia jibu, na sitaki kujidanganya kwamba ninalo. Ninachokijua ni kwamba kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ililia. Alikuwa ametoka kukimbia kilomita nane za polepole, na viatu vyake vizito.

"Mguu unasemaje?" nikauliza.

"Hausemi kitu, Mjomba. Kuna mchujo mwingine baada ya miezi minne."

Nikazungumza na mama yake pia. Dada yangu si mtu wa kubembeleza. Aliniambia kwamba majirani wamemcheka kwa kuuza kondoo mzima kwa ajili ya viatu vilivyopauka. "Nami nikawaambia," akasema, "kondoo amekwenda, lakini mtoto bado anatembea. Wewe wako ulipoumia, baba aliuza mbuzi wawili kukutibu, wala hukukimbia tena."

Jambo hilo la mbuzi nilikuwa sikulijua mpaka siku hiyo.

Ninyi vijana mnaofunga kamba alfajiri, na ninyi wazazi mnaouza mifugo ili zifungwe, nawaachia haya. Jiulizeni kwanza kiatu ni cha kazi gani, ndipo muulize bei yake. Vikunjeni vyote viwili, kimoja hakitoshi. Na mguu ukianza kusema asubuhi, usikilizeni siku hiyo hiyo, kwa maana ukinyamazishwa wiki tano hautasema tena kwa upole.